Uchovu wa mgonjwa wa figo: sindano za kuongeza damu ziliponisaidia na pale ziliposhindwa

Mwalimu wa Tabata (mleta uzi)

Habari za usiku wana jamvi.

Mara nyingi humu naona mtu anauliza, "Ndugu yangu anasafishwa damu lakini hana nguvu kabisa, apewe dawa gani?" Nilikuwa nasoma napita. Jumanne hii dada wa kitanda cha jirani kwenye mashine ameniuliza swali hilohilo huku machozi yanamtoka, nikaona majibu ninayo, tena niliyapata kwa kuumia. Nayaweka hapa yote. Ni marefu, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia sekondari, nina miaka 43. Figo zangu zilifeli mwaka 2021 kwa presha niliyoishi nayo miaka mingi bila kumeza dawa inavyotakiwa. Nasafishwa damu Jumanne na Ijumaa, kila mara natumia masaa manne kitandani.

Nianze na uchovu wenyewe, maana ambaye hajaupitia anadhani ni kama ule wa kutoka shamba. Uchovu wa shamba ukilala unaisha. Huu unalala nao, unaamka nao. Darasa langu liko ghorofani, ngazi 22. Nikifika ya nane nilikuwa nashika ukuta, moyo unagonga mpaka masikioni. Wanafunzi wananipita, "Shikamoo mwalimu," nami nawaitikia kwa kichwa kwa sababu pumzi ya kutamka marahaba sina. Nyumbani nachambua mchele, nashtuka nimelala, ungo uko mapajani na nusu ya mchele iko mkekani. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitilia maanani: hamu ya barafu. Nilikuwa natafuna barafu kama mtu anavyotafuna karanga, wakati mtu wa mashine hata maji ya kunywa ninapimiwa. Hiyo barafu ikumbukeni, nitairudia.

HB yangu, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilisoma 6.4. Mwanamke mzima mwenye afya anatakiwa awe na 12 kwenda juu.

Daktari alinieleza kwamba kazi ya figo si kuchuja taka peke yake. Zinatengeneza homoni inayoitwa erithropoietini, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri haitoki. Uboho upo, mzima, lakini hakuna wa kuuambia fanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa wa figo anaweza kula maini kila siku na damu isipande. Mada ya homoni naifundisha mwaka hadi mwaka na sikuwahi kumfikiria mtu aliyekosa hii moja. Siku hizi nikifika hapo nawasimulia vijana habari za Eugene Goldwasser wa Chicago, aliyeitafuta homoni hii kwa zaidi ya miaka 20 hadi akaipata ikiwa safi mwaka 1977, kutoka kwenye lita 2,550 za mkojo uliokusanywa Japani kwa wagonjwa wa upungufu mkubwa wa damu. Dawa yenyewe, sindano ya homoni hii, iliruhusiwa Marekani mwaka 1989. Kabla ya hapo watu wa mashine walikuwa wanaishi kwa kuongezewa damu za watu wengine.

Basi nikaanzishiwa sindano, yuniti 4000 mara mbili kwa wiki, chini ya ngozi, mkono usio na fistula (mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ichukulie damu hapo). Niliambiwa nisitegemee mabadiliko kabla ya wiki mbili, na inaweza kufika hata sita. Nikasubiri. Wiki ya nane HB ikasoma 6.9. Dozi ikapandishwa. Mwezi uliofuata, 6.7. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kuomba kupunguziwa vipindi.

Makosa yalikuwa mawili, na la kwanza ni langu mwenyewe. Ili kubana gharama nilikuwa nanunua vichupa duka la dawa, vya mwezi mzima kwa mkupuo. Navitia kwenye mkoba asubuhi, vinashinda nami shuleni kwenye joto la Dar, jioni nikifika nyumbani naviweka kwenye friza juu ya mfuko wa samaki, nikiamini kwamba baridi ikizidi ndivyo dawa inavyotunzika. Sindano hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Joto linaziharibu, na kugandisha kunaziharibu vilevile, kwa sababu homoni hii ni protini na umbo lake likishavurugika halirudi. Kwa macho hutajua, kioevu kinabaki cheupe kama maji. Nesi aligundua siku niliyompa kichupa ambacho barafu ilikuwa haijayeyuka yote. Alikiinua kwenye taa, akakigeuza taratibu, punje ndogo ikashuka ndani yake, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiki umekitoa wapi?" Nilipomweleza alikaa kwenye kiti. Miezi mitatu, pesa za mkopo wa SACCOS ya walimu, na nilikuwa nadungwa dawa iliyokufa.

Kosa la pili ni kwamba hakuna aliyekuwa amenipima madini ya chuma. Uboho ukishapata amri unahitaji malighafi. Alikuja daktari mwingine, kijana, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, kuna kitu unatamani kula ambacho si chakula? Udongo, mkaa, barafu?" Nikasema barafu. Palepale akaandika kipimo cha feritini. Majibu yakarudi 41. Mgonjwa wa mashine akiwa chini ya 200 anahesabiwa hana akiba ya chuma. Akanieleza kwamba kila tukisafishwa kuna damu kidogo inabaki kwenye mipira na kwenye kichujio, na ukijumlisha na inayochukuliwa ya vipimo, kwa mwaka tunapoteza gramu 1 hadi 2 za chuma. Vidonge vya fefo, vile vya chuma, nilikuwa nameza, lakini matumbo ya mgonjwa wa figo hayavinyonyi vya kutosha. Nikawekewa chuma cha mshipa, miligramu 100 kila nikija kwenye mashine, mara 10.

Baada ya hapo, dozi ileile ya sindano, safari hii ikikaa kwenye friji la hospitali: 8.2, 9.5, 10.6, ndani ya miezi mitatu na nusu. Hamu ya barafu iliondoka sijui hata siku gani. Asubuhi moja nimefika juu ya ngazi, mtoto ameniamkia, nimejibu "Marahaba, hujambo?" huku natembea, nikasimama koridoni nikalia.

Hapo ningetulia, ila sikutulia. Nilijiambia kama 10.6 inanipa hivi, basi 13 itanirudisha nilivyokuwa zamani. Nikanunua vichupa vya ziada, nikajidunga mwenyewe nyumbani bila kumwambia mtu, wiki tano. HB ikafika 13.4. Presha ikafika 196 kwa 112, kichwa kinapasuka. Na asubuhi ya Alhamisi nikagusa fistula yangu kama ninavyoigusa kila nikiamka, ule mtetemo wake kama wa paka aliyeshiba haukuwepo. Ilikuwa imeziba. Nilikaa miezi miwili na nusu na mpira shingoni nikisubiri fistula nyingine ikomae. Na nguvu niliyokuwa naitafuta? Kati ya 11 na 13 sikuhisi tofauti yoyote. Naapa, sikuhisi.

Hilo ndilo lililonifanya nielewe ninachotaka kuwaambia: tuna uchovu wa aina mbili, na sindano inaondoa mmoja. Upo uchovu wa damu, ule wa ngazi na moyo kwenda mbio, na huo dawa inauondoa kama damu ilikuwa chini kweli. Halafu upo uchovu wa mashine. Nikitoka kitandani Jumanne jioni mwili ni kama nguo iliyokamuliwa, hata kijiko kizito, mpaka Jumatano saa nne asubuhi ndipo naanza kuwa mtu. Huo haujaguswa na sindano hata siku moja. Ukiuchanganya na wa kwanza utazidisha dawa kama mimi.

Karibuni kwa maswali. Mwenye uzoefu tofauti naye aandike.

Baba Neema

Mwalimu pole sana. Nimesoma hapo kwenye ungo wa mchele nikashindwa kuendelea, nimetoka nje kwanza.

Mke wangu ana ugonjwa wa figo hatua ya nne, hajafika kwenye mashine. Mwaka mzima uliopita nilikuwa namwona amebadilika, nyumba haifagiwi, anakaa tu. Nilimtolea maneno mbele ya watoto. Wiki mbili zilizopita amepimwa damu, 7.1. Hakuwahi kunijibu vibaya hata mara moja, alikuwa anasema tu, "Nipe dakika tano." Nitamwomba radhi leo.

Swali: asiyeanza mashine naye anapewa sindano hizi?

Nesi Zamu ya Usiku

Baba Neema, ndiyo, anapewa, lakini kwa utaratibu. Kwanza wanatafuta sababu nyingine: chuma, vitamini B12, foliki, malaria, minyoo, vidonda vya tumbo, hedhi nzito. Akina mama wengi tunawakuta wanapoteza damu nyingi kila mwezi na hakuna aliyewauliza. Chuma kikiwa kidogo kinarekebishwa kwanza, na wapo ambao damu inapanda kwa chuma peke yake, hawahitaji sindano. Kama bado iko chini ya 10, daktari ndipo anapima faida na hatari.

Nimefanya kazi kitengo cha usafishaji damu miaka tisa, mleta uzi ameeleza mambo sahihi. Naongezea machache.

Dawa haitikiswi. Naona watu wanaitikisa kama dawa ya kikohozi ya watoto. Usiitikise.

Presha inapimwa kabla ya kila sindano. Presha ikiwa juu sana, sindano inasubiri mpaka ishuke. HB ikipanda zaidi ya 1 ndani ya wiki mbili, dozi inapunguzwa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Wagonjwa wanaona tunawabania, tunanyang'anyana nao vichupa. Mwaka 2006 kulitoka utafiti wa Marekani, wagonjwa 1,432 wa figo ambao hawajaanza mashine: waliolengwa kufikishwa 13.5 walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi ya waliolengwa 11.3. Mwaka 2009 ukatoka mwingine wenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wenye kisukari na figo. Kiharusi kwa waliopewa dawa kilikuwa karibu mara mbili ya wasiopewa, na walipoulizwa kuhusu uchovu, nafuu ilikuwa ndogo tu. Ndiyo maana leo kwa wagonjwa wengi hatupitishi 11.5. Mwalimu kaliona hilo mwilini mwake.

Mwenye saratani au aliyewahi kupata kiharusi amwambie daktari kabla, hiyo ni lazima.

Shamba la Babu

Mnahangaika na sindano za gharama. Chukua kiazi sukari chekundu, kile wanakiita bitiruti, saga na majani ya mlonge, weka ukwaju kidogo, kunywa bilauri mbili kwa siku. Mama mkwe alikuwa na damu 6, wiki tatu ikawa 11. Mungu ameweka dawa zote shambani.

Nesi Zamu ya Usiku

Mkuu Shamba la Babu, nakuheshimu na najua unasaidia kwa moyo mwema. Mama mkwe wako figo zake zilikuwa nzima. Mgonjwa wa mashine akinywa bilauri mbili za hiyo juisi kila siku anaweza asifike Ijumaa.

Sababu ni potasiamu. Bitiruti, mlonge, madafu, ndizi, parachichi, vyote vina potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa kwa mkojo. Figo iliyokufa inaiacha kwenye damu, na ikizidi inasimamisha moyo, mara nyingi bila kutoa onyo. Nimempokea baba mmoja akiwa anatembea mwenyewe, amelegea miguu tu, binti yake amebeba chupa ya juisi aliyomtengenezea kwa upendo. Mashine ya moyo ilionyesha mawimbi yamekuwa mapana, tukakimbia naye. Alipona kwa sababu mashine ya kusafishia ilikuwa wazi dakika ileile.

Hata mchicha na kisamvu kwetu ni vya kuchemsha kwa maji mengi, yale maji yanamwagwa, ndipo vinaungwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo navyo usimpe, vitampandisha moyo na presha halafu vitamwacha pale pale.

Shamba la Babu

Nimeelewa nesi. Sikujua kama kuna tofauti ya figo. Nimeomba wasimamizi wafute ile niliyoandika, wasipofuta watu wasome na jibu lako.

Mwana wa Eldoret

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi namhudumia mzee wangu, ako na miaka 68, kisukari ndiyo iliua figo.

Huku kwetu hii sindano imeharibiwa jina na mbio. Wakimbiaji kadhaa wakubwa wamefungiwa kwa kuitumia, kwa sababu inaongeza damu ya kubeba oksijeni, sasa ukiingia duka la dawa Eldoret ukiitaja, muuzaji anakuangalia kutoka miguuni kwanza. Mimi nina mwili mwembamba wa kukimbia, nikaambiwa siuziwi bila barua. Nilirudi na barua na kitabu cha mzee cha kliniki. Sikukasirika sana, najua wanalinda vijana, lakini mzee alikosa dozi mbili.

Ninataka kuunga mkono mwalimu kwa ule uchovu wa pili. Mzee damu yake ni 10.8, nzuri kabisa, na bado siku ya mashine akirudi ni wa kulala. Daktari alipunguza maji wanayotoa kwa saa. Alisema mzee alikuwa anaingia na kilo nne za maji, sasa mwili ukitolewa hizo zote kwa saa nne, presha inaanguka na moyo unachoka. Tulipopunguza chai na uji, anaingia na kilo mbili. Anarudi bado amechoka lakini jioni anakaa na sisi, anauliza ng'ombe wamekamuliwa lita ngapi. Kwetu sisi hiyo ni mabadiliko kubwa.

Mwalimu wa Tabata

Mwana wa Eldoret, asante sana, msalimie mzee, mwambie shikamoo yake kutoka Tabata. Hilo la maji ni kweli tupu. Mimi napima kwa chupa ndogo ya nusu lita, natia asubuhi, ikiisha imeisha. Kiu nikikosa pa kuipeleka nafyonza kipande cha ndimu.

Baba Neema, mama akijaliwa atatambua. Mwenzio, mume wangu, alipochelewa kunielewa alinunua kiti kirefu cha jikoni, hakusema neno, nikakikuta. Mpaka leo napika nimekaa.

Binti wa Tanga

Naomba nitie neno ingawa figo zangu ni nzima. Mimi nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, mwaka wa sita. Uchovu wangu ndio huohuo mwalimu anaoueleza, lakini HB yangu ni 12.3. Kwa hiyo kila nikilalamika naambiwa damu iko vizuri, punguza mawazo.

Nilisikia kuna vidonge vya kuzuia usingizi, modafinili, wanavyopewa wenye ugonjwa wa kusinzia ovyo, na kwamba nje watu wenye magonjwa kama yangu wanavitumia kwa uchovu. Nikatafuta vya kuagiza. Kabla sijalipa nikamuuliza daktari wa mifupa na viungo anayenihudumia. Hakunigombeza. Alisema vidonge hivyo vinakufanya uwe macho, ila havitajua kwa nini umechoka, na wewe hujapimwa vyote. Pia vinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo muuzaji wa mtandaoni hakuwa ameniambia, na mimi nilikuwa natumia.

Akanipima tezi ya shingo. Ilikuwa imelala, haifanyi kazi inavyotakiwa. Kumbe watu wa lupasi tunaipata hiyo zaidi ya wengine. Nimeanzishiwa levothairoksini, kidonge kidogo alfajiri kabla ya kula chochote, nakaa nusu saa hadi saa nzima ndipo ninywe chai. Miezi miwili mambo yakabadilika. Sijawa mzima, hapana. Jua la mchana bado linanimaliza, na viungo vikiwaka ninalala siku mbili. Lakini ile hali ya kuamka nimechoka kuliko nilivyolala imeondoka.

Nimeona niandike hapa kwa sababu moja: nilikuwa nameza fefo pamoja na hicho kidonge, nikidhani nakusanya nguvu. Chuma kinazuia kidonge cha tezi kisinyonywe. Vinatakiwa vipishane kwa masaa manne. Mwezi wa kwanza wote ulipotea kwa hilo.

Nesi Zamu ya Usiku

Binti wa Tanga umesema jambo kubwa. Hata wagonjwa wetu wa figo, damu ikishafika 10 au 11 na uchovu haujaondoka, usiongeze sindano. Uliza tezi. Uliza usingizi, maana wengi miguu inawacheza usiku hawalali. Uliza dawa za presha, nyingine zinachosha. Na uliza huzuni. Ukimwuliza mgonjwa wa mashine kama ana huzuni anasema hapana, ukimwuliza lini mara ya mwisho alicheka ananyamaza.

Mbongo wa Ohio

Salamu kutoka Marekani. Mimi ni fundi wa mashine za kusafisha damu huku, mwaka wa saba.

Kuna vidonge sasa, badala ya sindano. Vinaudanganya mwili uone oksijeni imepungua, nao unaanza kutengeneza homoni yake wenyewe. Elimu iliyofungua njia hiyo iliwapa Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na Ratcliffe mwenyewe ni daktari wa figo. China waliruhusu kidonge cha roxadustat mwaka 2018, na huku Marekani cha daprodustat kiliruhusiwa 2023 kwa waliokaa kwenye mashine angalau miezi minne. Uzuri wake ni kwamba habari ya friji inaisha. Onyo la damu kuganda linabaki palepale, kwa hiyo msidhani ni peremende.

Kingine, kuhusu kuongezewa damu. Nimeona wagonjwa wanaoomba chupa ya damu kwa sababu nguvu inarudi siku hiyohiyo. Kwa anayetarajia kupandikizwa figo, kila chupa inaweza kuufundisha mwili kuzikataa figo za watu. Damu ya kuongezewa ni ya dharura.

Mwalimu wa Tabata

Asante sana kaka wa Ohio, hilo la kupandikiza limenigusa. Muhimbili wameanza kupandikiza figo tangu Novemba 2017, na mdogo wangu wa kiume amejitolea, vipimo vinaendelea. Mwaka wa kwanza niliongezewa chupa tatu, nilizililia mwenyewe, na sasa hivi kila kipimo cha kulinganisha nasubiri roho mkononi.

Mama wa Mkuranga

Mwalimu shikamoo. Mimi ndiyo tumeanza na baba yangu, tunatoka Mkuranga kwenda mjini mara mbili kwa wiki, na vichupa tunanunua wenyewe. Friji nyumbani hatuna. Nifanyeje?

Mwalimu wa Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza muulize nesi wa kitengo kama watakuwekea vichupa kwenye friji lao, viandikwe jina la mzee. Vitengo vingi vinakubali, sisi hatuulizi tu. Ukinunua, nunua cha siku hiyo, duka la dawa lililo karibu na hospitali, na mwombe muuzaji akitoe kwenye friji mbele ya macho yako. Akikitoa kwenye rafu ya kawaida, ondoka.

Kama ni lazima usafiri nacho, chukua chupa ya chai pana mdomo, weka barafu chini, juu yake kanga iliyokunjwa mara mbili, halafu kichupa kikiwa ndani ya boksi lake juu ya kanga. Kisiguse barafu. Funga, usiiweke juani dirishani mwa gari wala karibu na injini. Ukifika mkabidhi nesi kabla hata mzee hajapimwa uzito.

Na omba feritini ya baba ipimwe kabla hujatumia hela nyingine kwenye sindano. Andika neno hilo kwenye karatasi, umpe daktari asome.

Mama wa Mkuranga

Nimeandika. Asante mama.

Mwalimu wa Tabata

Wana jamvi, leo Ijumaa nimetoka mashine. Dada wa kitanda cha jirani aliomba kipimo, majibu yametoka, feritini 38. Amenionyesha karatasi kabla hata ya kuvua viatu, akaniuliza kama na yeye ataacha kula udongo. Dripu ya kwanza ya chuma anawekewa Jumanne. Nitarudi kusema HB yake ikisomwa.